Kuhifadhiwa kwa Kompyuta za Kwanza za Biashara za Kiingereza, na Haja ya Kuhifadhi Maneno Yake

Kimuli ni kata ya wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, na watu wake, kama walivyo majirani zao wa pande zote za Karagwe ya kale, ni wakulima wa migomba na kahawa. Msimu wa kahawa ufikapo, karani wa chama cha msingi hukaa karibu na mizani akiwa na daftari lake. Mkulima huleta gunia la kahawa ya maganda, gunia hupimwa, kilo huandikwa, kilo huzidishwa kwa bei, makato na madeni huondolewa, na kinachobaki ndicho haki ya mkulima. Hesabu yenyewe si ngumu, hata mtoto wa shule ya msingi aweza kuifanya. Ugumu wake u katika wingi. Hesabu hiyo hiyo hurudiwa kwa mkulima wa pili, na wa tatu, na wa mia tano, wala karani haruhusiwi kukosea hata mara moja, kwa maana kosa lake ni shilingi za mtu anayemjua kwa jina na anayeijua nyumba yake. Malipo yakichelewa, mwenye shida hushawishika kuingia katika butura, yaani kuiuza kahawa yake ingali maua mtini, kwa bei ya kumhurumia mnunuzi.

Hesabu ya namna hii hasa, wala si hesabu ya wanafalaki au ya watengenezaji wa mabomu, ndiyo iliyozaa kompyuta ya kwanza ya biashara. Watu wengi hudhani kwamba kompyuta ilitoka mikononi mwa majeshi na vyuo vikuu, ikashuka polepole hata kuwafikia wafanyabiashara. Kwa mashine nyingi ndivyo ilivyokuwa. Lakini huko London palikuwa na kampuni ya J. Lyons, wauzaji wa chai, mikate na keki, iliyokuwa na mikahawa zaidi ya 200. (Kiswahili hapa huleta mzaha wake, kwa kuwa neno mkahawa limetokana na kahawa, ilhali mikahawa ya Lyons ilijulikana kwa chai.) Kampuni ile ilikuwa na makarani wengi mno, ambao kazi yao ilikuwa kujumlisha vitu vidogo vidogo: vikombe, vipande vya keki, peni na nusu peni. Mwaka 1947 ilituma watu wawili Marekani, Thomas Raymond Thompson na Oliver Standingford, wakatazame maendeleo ya kazi za ofisi. Huko walipata habari ambayo hawakuitazamia, kwamba mashine ya kufaa kazi yao ilikuwa ikijengwa nyumbani kwao Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, chini ya Maurice Wilkes. Mashine hiyo ni EDSAC, iliyofanya kazi yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Lyons waliisaidia kwa fedha na kwa fundi, kisha wakajenga ya kwao kwa kuifuata ile, chini ya mhandisi John Pinkerton. Wakaiita LEO, jina lililofupishwa kutokana na maneno yenye maana ya ofisi ya kielektroniki ya Lyons.

Jina hilo lastahili kutazamwa na wanafunzi wa lugha. Waliolitoa hawakusema mashine wala kikokotozi, walisema ofisi. Machoni pao kilichojengwa hakikuwa chombo cha kukaa ndani ya ofisi bali ofisi yenyewe, pamoja na makarani wake, madaftari yake na utaratibu wake, vikiwa vimetiwa katika makabati ya chuma. Wala hawakukosea sana. LEO ya kwanza ilikuwa na vali za glasi zipatazo 6,000, za namna ile iliyokuwa ndani ya redio za zamani, na mirija ya zebaki iliyotunza tarakimu kwa kuzipitisha kama mawimbi ya sauti, zizunguke zisipotee. Kumbukumbu yake ilikuwa na nafasi 2,048 tu, ambazo wahandisi wenyewe waliziita "maneno", ingawa hakuna mwanaisimu ambaye angeyakubali kuwa maneno.

Mwishoni mwa Novemba 1951 mashine hiyo ilichukua kazi ya kukadiria thamani ya mikate, keki na sambusa za nyama zilizotoka katika viwanda vya Lyons. Ni kiasi mara bei, kisha jumla: ndiyo hesabu ya mizani ya Kimuli. Kufikia mwaka 1954 ilikuwa ikifanya hesabu za mishahara, na husimuliwa kwamba hesabu ya mshahara wa mtu mmoja, iliyomchukua karani mzoefu dakika 8, mashine iliimaliza kwa sekunde moja na nusu. Ikafuata kazi ya kupeleka bidhaa mikahawani, ambapo wasimamizi wa mikahawa walipiga simu kila siku kueleza mabadiliko ya mahitaji yao, na wasichana waliopokea simu wakayatoboa mabadiliko hayo papo hapo katika kadi. Tofauti iliyopo baina ya hesabu ya sayansi na hesabu ya biashara ilionekana hapo waziwazi. Mwanasayansi huipa mashine tarakimu chache, akaiacha itaabike kwa saa nyingi. Mfanyabiashara huipa maelfu ya tarakimu, na kila moja haiihitaji mashine ila kwa kitambo cha kupepesa jicho. Taabu ya Lyons basi haikuwa kukokotoa. Ilikuwa kuziingiza tarakimu na kuzitoa kwa haraka ya kutosha, na miaka ilipita kabla ya kuupata utaratibu wa kadi na tepe za karatasi uliowaridhisha.

Walioandika maagizo ya mashine hiyo hawakutoka wote katika sayansi. Mary Coombs, aliyeingia kazi hiyo mwaka 1952 na ambaye huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kuandika programu za biashara, alikuwa amesoma Kifaransa chuoni. David Caminer, aliyeweka misingi ya kuchambua kazi za ofisi kabla ya kuzitia katika mashine, alitokea katika idara za kampuni yenyewe. Watu hawa walijua kazi ya karani kabla hawajajua kazi ya mashine, na ujuzi huo haumo katika kabati la chuma hata likihifadhiwa miaka elfu.

Na kabati lenyewe halikuhifadhiwa. LEO ya kwanza ilizimwa tarehe 4 Januari 1965, ikavunjwavunjwa. Hakuna aliyeona ajabu. Ilikuwa mashine ya kazi iliyochakaa, na makumbusho ya siku zile hayakuwa na desturi ya kuzipokea mashine za kumkokotolea mtu mshahara. Desturi hiyo ilikuja baadaye. Mwaka 1989 kiliundwa chama cha kuhifadhi kompyuta, Computer Conservation Society, kwa ushirikiano wa chama cha wanakompyuta wa Uingereza na Science Museum ya London. Bletchley, mahali palipovunjiwa maandishi ya siri wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikafunguliwa The National Museum of Computing mwaka 2007. Huko Cambridge Centre for Computing History ikashirikiana na chama cha waliofanya kazi na mashine za LEO kukusanya karatasi, picha na simulizi zao, na hata kuijenga upya LEO ya kwanza katika picha za kompyuta, mtu aweze kutembea katikati ya makabati ambayo hayapo tena.

Mashine zenyewe zilizookoka ni chache, na kuokoka kwao aghalabu ni bahati tu. Iko HEC, iliyoundwa mwaka 1951 na Raymond Bird wa kampuni ya British Tabulating Machine kwa kuufuata mpango wa Andrew Booth. Mashine hiyo ni mali ya makumbusho ya Birmingham, nayo iliazimwa kwa Bletchley ionekane na watu. Tena iko ICT 1301 inayoitwa kwa utani Flossie, yenye uzito wa takriban tani 5, iliyonunuliwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1962 ili kushughulikia matokeo ya mitihani. Ilipostaafu iliuzwa kwa bei ya chuma chakavu, ikakaa miaka mingi katika banda la shamba huko Kent, wapenzi wachache wakiirekebisha hata ikafanya kazi tena. Na mwaka 2013 ilipelekwa Bletchley. Flossie ana ajabu moja ya kumfurahisha mtu wa Afrika Mashariki. Aliundwa kuzihesabu pauni, shilingi na peni moja kwa moja, peni 12 katika shilingi na shilingi 20 katika pauni, maana Waingereza hawakuacha hesabu hiyo yenye mapindi mpaka tarehe 15 Februari 1971. Mkulima wa Karagwe alikuwa na shilingi ya senti 100 tangu miaka ya 1920. Kwa jambo hilo moja, gulio la Bukoba lilikuwa limeitangulia London kwa karibu miaka 50.

Katika kazi zote za uhifadhi, iliyo karibu zaidi na kazi ya wasomaji wa jarida hili si ya chuma wala ya waya. Ni ile ya programu za LEO III, mashine ya uzao wa tatu iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambayo mojawapo ya zile za awali ilipelekwa Johannesburg mwaka 1962 kuhudumia kampuni ya migodi ya Rand Mines. Programu zake za msingi zilikuwa zimesalia katika karatasi tu, zilizopigwa chapa na mashine yenyewe. Wapenzi wa mashine hiyo, David Holdsworth akiwa miongoni mwao, walizinakili upya herufi kwa herufi, wakazihakiki makosa ya kunakili, kisha wakaandika programu nyingine inayoifanya kompyuta ya leo iige tabia za LEO III. Na maagizo ya miaka ile yakatekelezwa tena. Aliyewahi kuhariri utenzi kutoka mswada wa hati za Kiarabu hataona ugeni wowote hapo. Pana nakala yenye makosa ya mwandishi, pana herufi isiyosomeka, pana neno ambalo maana yake aliijua mtu mmoja tu, naye ni mzee sana. Wale waliosalia miongoni mwa wafanyakazi wa LEO waliulizwa, nao wakajibu. Laiti kazi ingalingoja miaka 20 zaidi, maagizo mengi yangalisomeka bila kueleweka.

Kuijenga upya EDSAC, iliyo mama wa LEO, kumethibitisha jambo lilo hilo kwa njia nyingine. Mashine ile ilivunjwa mwaka 1958. Kazi ya kutengeneza mfano wake ilipoanza huko Bletchley mwaka 2011, michoro haikuwapo ya kutosha, na wajenzi ilibidi wakisie mambo mengi kwa kutazama picha. Mwaka 2014 ikatokea michoro 19, iliyokuwa imehifadhiwa nyumbani kwa mtu aliyeiokota zamani isitupwe.

Yote haya si mageni kwa nchi ya Karagwe, na hapa yafaa kurudi huko kwa kitambo. Stanley alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya mviringo iliyowekwa vitu vya kifalme, naye katika kitabu chake akaiita kwa pamoja hazina, ghala la silaha na makumbusho. Mlikuwa na sanamu za shaba na za ng'ombe, mikuki, na kazi nyingine za wahunzi. Vitu vya chuma vya ufalme huo, ng'ombe na nyundo na fuawe vikiwamo, vimeandikwa na wataalamu kadhaa, na mapokeo huvinasibisha hasa na Ndagara, babaye Rumanyika, aliyesifika kwa uhunzi. Andrew Reid na Rachel MacLean, walipovichunguza katika makala yao ya mwaka 1995, walilazimika kuitafuta maana yake katika simulizi, katika miiko ya wahunzi na katika mahali vilipokaa. Chuma chenyewe hakikuwaambia kwa nini ng'ombe afuliwe kwa chuma, wala nani aliruhusiwa kumgusa, wala aliitwaje siku ya kumtoa nje. Israel Katoke, mwenyeji wa nchi hiyo, aliyekitoa kitabu chake juu ya ufalme wa Karagwe mwaka 1975, aliweza kuandika alivyoandika kwa sababu wazee aliowauliza walikuwa hai.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Buhaya, jirani wa Karagwe kwa upande wa ziwa. Mwaka 1976 Peter Schmidt aliwaomba wazee wahunzi wayeyushe chuma kwa njia ya kale, kazi iliyokuwa imekoma miongo mingi nyuma kwa kushindwa na vyuma rahisi vya Ulaya. Wazee walikuwa na tanuri la kumbukumbu tu. Ilibidi wajadiliane juu ya matete, juu ya mkaa, juu ya mivukuto na urefu wa mirija yake, mmoja akikumbuka alichokisahau mwenzake, na ufanisi haukuja kwa siku moja. Matokeo yake, yaliyochapishwa na Schmidt pamoja na Donald Avery mwaka 1978, yaliushangaza ulimwengu wa wataalamu kwa ustadi wa wafua chuma wa Kagera wa kale. Tofauti ya wazee hao na wale wa LEO III ni ya malighafi tu. Wote waliitwa kueleza kazi ya mikono yao wakati wenzao wengi wamekwisha kufa, na wote walilieleza jambo kwa maneno ya kazi, ambayo hayakuwa katika kamusi yoyote.

Sasa lipo swali la Dar es Salaam. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, mwaka ule ule ilipozimwa LEO ya kwanza huko London. ICT ni kampuni ya Kiingereza iliyoundwa mwaka 1959 kwa kuunganishwa British Tabulating Machine, waliojenga HEC, na Powers-Samas. Kwa hiyo mashine ya Hazina kwa jina ni ndugu wa zile zilizo Bletchley. Kwa mwili lakini ni Mmarekani: ICT 1500 ilikuwa kompyuta ya RCA 301 iliyoundwa Marekani na kuuzwa kwa chapa ya Kiingereza. Mwaka 1968 ICT na urithi wa LEO vyote viliingia katika kampuni moja, ICL, na mashine za ICL za jamii ya 1900 zikafuata Tanzania. Kufikia mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta 7. Hesabu za Serikali zilipovurugika ndani ya mashine, na gharama ya fedha za kigeni na ya wataalamu wa nje ikawa kubwa, Serikali ilitoa amri mwaka 1974 ya kuzuia kuingizwa kwa kompyuta. Amri hiyo iliziunganisha kompyuta na televisheni katika zuio moja, na yaonekana machoni pa mwandishi wake vyote viwili vilikuwa masanduku ya anasa. Zuio lililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980 na kuondoka katika miaka ya 1990.

Ni desturi kuisimulia amri hiyo kama kisa cha kuchekesha, cha nchi iliyoikataa kompyuta. Masimulizi hayo hayana haki. Huyasahau makosa ya kweli yaliyotangulia, na huwasahau watu: wale waliotoboa kadi, waliozipanga, waliozilisha mashine usiku kucha ili orodha ya mishahara iwe tayari mwisho wa mwezi, na makarani wa mikoani waliorudishiwa karatasi zenye tarakimu zisizolingana na madaftari yao, wakazisahihisha kwa kalamu. Historia ya LEO imewaweka watu wa namna hiyo mbele. Historia ya kompyuta katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa tarehe za sera.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili hasara hiyo ina uzito wa pekee, kwa maana chumba cha mashine ni mahali pa kuzaliwa maneno. Msamiati wa kompyuta unaofahamika leo umetoka kwa wataalamu, nao walifanya kazi ya kusifiwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Kenya imelipokea zaidi neno tarakilishi, ambalo hufasiriwa kuwa muungano wa tarakimu na akili. Wako waliopendekeza ngamizi. Na umma wa Tanzania umebaki na kompyuta, ukiliweka katika ngeli ya N na kulitamka bila taabu. Mjadala wa maneno haya matatu umekwisha kurefushwa kupita kiasi. Jina la mashine ni sehemu ndogo ya lugha yake. Yenye thamani zaidi ni maneno ya kazi: kadi iliyopinda iliitwaje, kadi zilizoanguka zikachanganyika zilisemwaje, msimamizi alimwambia nini kijana aliyeiwasha mashine kabla ya wakati, na je, mashine ilipokosea ilisemwa kuwa imekosea, au imechoka, au imegoma? Kitenzi kinachochaguliwa hapo ndicho kinachomwonyesha mtafiti kama wafanyakazi waliiona mashine kuwa chombo au kuwa karani mwenzao.

Hata maneno machache ya ofisi yaliyo wazi kwa wote yana habari ndefu. Daftari limeingia kutoka Kiarabu, nacho kililipata kwa njia ya Kiajemi, na asili yake ya mbali ni neno la Kiyunani lenye maana ya ngozi. Karatasi ni Kiarabu kilichotokana na neno jingine la Kiyunani, la jani la mafunjo la kuandikia. Na neno hilo hilo, likipita Kilatini, Kifaransa na Kiingereza, ndilo kadi. Basi karani aliyezinakili tarakimu kutoka karatasi hadi kadi alikuwa akizihamisha baina ya ndugu wawili waliokutana Afrika Mashariki baada ya kuachana miaka mingi sana. Hesabu na tarakimu nazo ni Kiarabu. Mnyambo wa Kimuli, akiacha Kiswahili na kurudi katika lugha yake, husema okubara, kitenzi cha Kibantu cha kale kilicho hai pia katika Kiganda na Kinyarwanda. Msamiati wa Runyambo umechapishwa na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini lugha anayoitumia karani wa kahawa pale mizanini, akipokea kilo kwa Runyambo, akizidisha kwa Kiswahili na kusoma kichwa cha fomu kwa Kiingereza, ni somo jingine, nalo lataka mtu wa kukaa kando ya mizani na kusikiliza.

Ulinzi wa sheria katika jambo hili ni mdogo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda kwa nguvu zake yenyewe vitu vilivyofanywa kabla ya mwaka 1863, na milango ya kuchongwa na vitu vya mila kabla ya mwaka 1940. Kompyuta ya mwaka 1965 haimo, ijapokuwa Waziri ana uwezo wa kutangaza vitu vingine kuwa vya kulindwa. Karatasi zina bahati kuliko chuma. Sheria ya kwanza ya Nyaraka za Taifa ni ya mwaka 1965, mwaka ule ule wa mashine ya Hazina, na ile iliyoifuata ya mwaka 2002 huzihesabu kumbukumbu za ofisi za Serikali kuwa mali ya kutunzwa. Fomu, miongozo ya kazi, barua za malalamiko juu ya mishahara iliyokosewa, orodha za kadi, vyote hivyo ni nyaraka, na mwenye kuvitafuta ana njia ya kisheria ya kuvifuata.

Sauti hazina sheria, lakini zina mfano wa kufuatwa. J. W. T. Allen alipoitoa mwaka 1970 orodha ya miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu iliyo katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, hakuishia katika karatasi; aliziorodhesha na kanda za sauti kando ya miswada, kwa kuwa aliona kwamba utenzi bila sauti ya msomaji wake haujatimia. Rafu ya namna hiyo yaweza kupokea sauti za waliofanya kazi katika vyumba vya mashine vya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na za makarani wa vyama vya ushirika vya Bukoba na Karagwe waliofanya hesabu ile ile kwa mkono. Si kazi ya kungoja fedha nyingi: kinasa sauti kimoja, mwanafunzi mmoja mwenye subira, na orodha ya maswali iliyotungwa na mtu anayejua tofauti ya ankara na hati ya malipo. Karani aliyekuwa na umri wa miaka 20 mashine ya Hazina ilipofungwa alizaliwa mwaka 1945, naye kama yu hai alitimiza miaka 80 mwaka 2025.